Mwavuli Wenye Kiraka

"Hivi Mama Lugano, hicho kindege kikitazama huko juu, kinaona migomba tu, au kinamwona na mwenye migomba?"

Jirani yangu Tusajigwe aliniuliza hivyo tukiwa tumesimama njiani, mimi na ndoo ya maji kichwani, yeye chini ya mwavuli wake. Nilicheka. Nikamjibu kwamba anayemwona mwenye migomba ni Mungu peke yake, wengine wote wanakisia.

Ningejua swali lile limebeba nini, ndoo ingenidondoka palepale.

Mliokuwa nami wiki jana mnakumbuka nilipofikia. Kwa aliyenikuta leo: naitwa Evodia, mjane wa Andongwisye, wa huku Mwaya, Kyela. Mume wangu alipofariki, mdogo wake Lameck alikuja kutaka kunirithi hata matanga hayajapoa. Nikamwambia, "Shemeji, mimi nilifunga ndoa kanisani, na mume wangu ni yule aliyelala pale." Tangu siku hiyo hakunitaka tena mimi. Alitaka mji wangu: nyumba, migomba, kokoa zangu chache, na kaburi la mume wangu lililo katikati ya vyote.

Kisha wapima ardhi wakaja na kindege chao, wakasema kila mwenye shamba atapata hati yake. Ramani ilipotoka, mji wangu wote ulikuwa ndani ya shamba la Lameck.

Mwenyekiti wa kijiji, Yohana, akaniambia, "Siku ya uhakiki wa mipaka lete shahidi. Ukikosa shahidi, ramani itapita kama ilivyo."

Siku hiyo ndiyo ninayowasimulia leo. Nisomeni polepole, maana hata mimi naandika polepole.

* * *

Tusajigwe alinipitia asubuhi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Tukasalimiana kwa lugha ya kwetu.

"Ugonile, Mama Lugano."

"Ndaga, mama. Twende, tumechelewa."

Alisimama. "Nina neno la kukuambia kabla hatujaingia kule."

"Utaniambia tukirudi."

"Ni neno zito."

"Mazito yote leo yako ofisini, dada yangu. Twende."

Akanitazama, akafumba midomo, akanifuata. Nilikuwa na haraka. Ukimtoa Lameck mwenyewe, yeye ndiye mtu pekee aliyebaki hai kati ya waliokuwepo baba mkwe alipowagawia wanawe ardhi. Wengine wote tumewazika. Sikutaka mvua izidi, sikutaka achoke, sikutaka abadili mawazo. Nilimshika mkono kama anayempeleka mgonjwa hospitali.

Ofisi ilijaa. Ramani ilikuwa imetandazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa. Pembeni alikaa mpima ardhi, Marystella, binti wa Kagera aliyepangiwa kazi huku kwetu, amevaa buti za mpira, kompyuta mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanionyesha. Nilikuwa sijawahi kuuona mji wangu kutoka juu. Bati langu lenye kutu lilionekana dogo kama kiganja. Na uwanja wangu wote, kutoka mlangoni hadi kwa Lameck, ulikuwa kitu kimoja cha bluu kilichonyooka.

"Haya ni maturubai," Marystella alisema. "Mpunga umeanikwa. Uwanja ni mmoja, mama. Sioni mpaka hapa."

"Mpaka uko chini ya turubai!"

Lameck alicheka nyuma yangu. "Shemeji bwana! Kila mtu mpaka wake uko juu ya ardhi, wake uko uvunguni."

Watu wakacheka. Nami ningecheka, kama jambo lenyewe lisingekuwa langu.

* * *

Nikawaeleza, mbele yao wote.

Mpaka wetu ulikuwa mstari wa mawe. Mume wangu aliyatoa Matema, ufukweni, akayaleta kwa mtumbwi, akayapanga pale ambapo baba yake alikuwa amevuta kamba. Wapima walipotangaza kwamba kila mtu afyeke mpaka wake na kuuweka alama nyeupe ionekane kutoka angani, nilichukua chokaa nikayapaka mawe yale moja moja. Goti la kulia liliniuma wiki nzima.

Jioni ya kuamkia siku ya kindege, Lameck alikuja mlangoni kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake.

"Shemeji, kwako jua linafika mapema. Naomba kesho nianike mpunga wangu uwanjani kwako."

Ninyi wa huku mnajua. Nani anamnyima mtu uwanja wa kuanika mpunga? Ukimnyima leo, kesho mpunga wake ukiota ukungu, wewe ndiye mchawi. Na huyu ni shemeji, damu ya mume wangu.

Nikasema, "Anika."

Hilo ndilo neno lililonimaliza. Anika.

Asubuhi nikaenda bombani. Wakati wa kurudi Tusajigwe akanisimamisha kwa swali lake, tukakitazama kindege, tukaongea mpaka shingo ikaniuma kwa ndoo. Nilipofika nyumbani, maturubai yalikuwa yamefunika uwanja wote, yamegusa hadi kaburi. Lameck yuko katikati, anageuza mpunga kwa miguu.

"Ndaga fijo, shemeji. Kyala akubariki."

Shukrani na baraka za Mungu, nami nikaitikia amina!

Nikiwa bado sijashusha hata ndoo, simu ikaita kutoka Matema. Binti yangu Lugano alikuwa kwenye uchungu, na hali yake mbaya. Nani angeinua maturubai wakati huo? Nilifunga mlango nikakimbia. Nilikaa kule nikimuuguza mpaka alipojifungua na rangi ikamrudia usoni. Niliporudi, mawe hayakuwepo. Mahali pa mawe ilisimama migomba michanga, imepandwa kwa mstari kama wanafunzi wa paredi.

"Hadithi nzuri," Lameck alisema. "Lakini mwenyekiti, hayo mawe yako wapi?"

Tulikwenda wote, mvua ya manyunyu juu yetu. Udongo ulikuwa umelimwa, ukalainishwa, ukapandwa. Hakuna jiwe.

Lameck akasimama kando ya kaburi la mume wangu, akaweka mkono juu yake.

"Huyu ni kaka yangu. Nani amesema namfukuza? Shemeji akitaka kuja kuweka maua, njia ipo. Atapiga hodi tu."

Nipige hodi kwenda kwa mume wangu.



* * *

Tuliporudi ofisini, mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu.

"Mama Lugano, tunakuonea huruma. Lakini picha ndiyo hiyo."

Ndipo lile swali la njiani likanirudia. Nadhani ni Mungu. Kwa hasira niliyokuwa nayo, si akili yangu.

"Mwanangu," nilimwambia Marystella, "hii picha mliipiga saa ngapi?"

"Mchana, mama, baada ya saa saba."

"Mbona mimi kindege nilikiona asubuhi? Nilikuwa natoka bombani."

Alinyanyua macho. "Ulikiona kikipita juu ya eneo hili?"

"Kilipita, kikaenda, kikageuka, kikarudi. Kama ng'ombe wa plau."

Binti yule akaigeukia kompyuta yake. Kisha akawaeleza watu, kwa utulivu. Droni yao si ile ya mapanga inayosimama hewani. Ni ya mabawa. Mtu anakimbia nayo kwenye mabua ya mpunga, anairusha kwa mkono, inakwenda yenyewe mstari kwa mstari, ikipiga picha zinazolaliana kama bati la nyumba. Asubuhi ile walianza na upande wetu. Kisha wingu likashuka kutoka milima ya Livingstone na upepo wa ziwani ukaiyumbisha, wakairudisha chini. Mchana wakarudia upya, na ramani ikatengenezwa kwa picha za mchana.

"Na za asubuhi mlizitupa?" mwenyekiti aliuliza.

"Hatutupi. Zipo humu."

Nilimwona Lameck akiacha kutingisha mguu.

Marystella alitafuta. Picha moja, nyingine, nyingine. Mashamba, matuta, mto. Kisha bati langu lenye kutu.

"Hii hapa," alisema. "Ni asubuhi. Angalieni vivuli vimelalia upande wa machweo."

Hakukuwa na maturubai.

Palikuwa na nukta nyeupe. Mstari wa nukta nyeupe, umetoka kwenye njia ukapita pembeni ya kaburi la mume wangu, umenyooka kama mshono wa cherehani. Chokaa yangu. Goti langu!

Nilipiga kigelegele. Nilipiga kigelegele peke yangu, mjane mzima, ofisini.

"Subiri kwanza, mama," Marystella alisema. Akakuza picha.

Mstari haukufika mwisho. Upande wa kwa Lameck nukta ziliishia njiani, na baada ya hapo yalionekana mashimo meusi tu. Palipoishia nukta alisimama mtu ameinama, na mbele yake toroli jekundu. Ndani ya toroli, vitu vyeupe.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kijijini kwetu toroli jekundu ni moja.

"Lameck," mwenyekiti alisema taratibu. "Unafanya nini hapa?"

* * *

Mwingine angekana. Lameck hakukana. Alivuta kiti akakaa, akakunja miguu.

"Natoa mawe. Si mnaona? Ni mawe aliyoyapanga kaka yangu kama urembo wa uwanja. Nimeyatoa nikajengee kaburi lake vizuri zaidi. Yako nyuma ya nyumba yangu, njooni mhesabu. Kuna kosa?"

"Ni mpaka!" nilipiga kelele.

"Nani kasema ni mpaka? Picha imesema? Picha imeonyesha mawe. Haijaonyesha baba yangu akisema, huku ni kwa Andongwisye, huku ni kwa Lameck."

Mwenyekiti akamgeukia Marystella. Marystella akatikisa kichwa polepole.

"Hapo ana hoja. Mimi naona mawe. Maana ya mawe mnaijua ninyi. Inabidi aseme mtu aliyekuwepo."

"Aliyekuwepo yupo," nilisema. "Tusajigwe, inuka mama. Inuka useme."

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo ninapotaka kuungama. Maana yapo mambo ambayo mtu anaweza kuyaficha kwa mchungaji wake lakini hawezi kuyaficha kwa watu asiowajua.

Wakati Marystella anakuza picha, wote walitazama toroli. Mimi macho yangu yalitangulia kwenye njia. Njia ya bombani, upande wa pili wa migomba. Palikuwa na watu wawili wamesimama. Mmoja alikuwa duara dogo la bluu. Nilijijua mara moja. Ile ni ndoo yangu. Chini ya ndoo ile ni mimi, nacheka.

Wa pili alikuwa duara kubwa jeusi. Mwavuli. Na katika weusi ule, upande mmoja, kipande cha njano.

Kile kiraka nilikishona mimi. Mwavuli wa Tusajigwe ulichanwa na upepo mwaka juzi, nikautia kiraka cha kitenge cha njano, mabaki ya sare yetu ya akina mama wa kanisani. Hakuna mwavuli mwingine wa namna ile Mwaya nzima, wala Kyela.

Nikakumbuka. Njiani pale aliuliza juu ya kindege, lakini hakuwa akitazama juu. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu, kule kwenye migomba. Nilipotaka kuondoka akaniuliza habari za Lugano. Nilipotaka tena kuondoka akaniuliza habari za goti.

Alikuwa amenisimamisha, ili Lameck amalize kung'oa mawe.

Niliyaona hayo yote. Nami nilinyamaza. Nilimwita shahidi wangu kwa jina, nikamwambia inuka useme, huku najua. Nilijiambia, ukweli wa mpaka ni ukweli hata ukitoka katika kinywa chake. Nilijiambia, Mungu alimsemesha hata punda. Mtu mwenye dhiki hakosi maneno ya kujiambia.

* * *

Tusajigwe aliinuka. Mwavuli ulikuwa umekunjwa, ameubana kwapani. Ukikunjwa, kiraka hakionekani.

Hakunitazama. Alimtazama mwenyekiti.

"Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu," alianza. "Tuliitwa majirani tushuhudie. Baba yao alileta kamba. Andongwisye akashika ncha ya huku, huyu Lameck akashika ncha ya kule. Kamba ikalala chini. Mzee akasema, wanangu, pale ilipolala kamba..."

"Mwenyekiti." Lameck hakuinuka hata kidogo. "Kabla mama huyu hajamaliza, mwombe huyo binti akuze ile picha. Si kwenye toroli. Pale njiani."

"Kwa nini?"

"Akuze tu."

Nilimwomba Mungu umeme ukatike. Kompyuta ile haikutumia umeme wa nguzo.

Marystella akakuza. Duara la bluu na duara jeusi vikajaa kioo kizima. Na kiraka.

"Mwenye ndoo ni shemeji, amesema mwenyewe alikuwa anatoka bombani," Lameck alisema. "Sasa huyo mwenye mwavuli, uso wake ulikuwa upande wangu. Aliniona nang'oa mawe mchana kweupe. Kama ni mpaka, na yeye ndiye anayeujua huo mpaka kuliko sisi sote, mbona hakupiga yowe? Mbona alisimama akapiga soga? Muulizeni ni nani."

Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Huyo mtu tumpate. Kama yupo hai aseme."

Watu wakasogelea kioo. "Ni Marta?" "Marta hana mwavuli." "Mbona una rangi mbili?" Kutoka juu vile hakuna aliyeutambua. Waliojua ni wa nani walikuwa watatu tu mle ndani. Lameck alijua, na alitabasamu. Hakutaka kusema yeye. Alitaka niseme mimi.

Tusajigwe alikuwa bado amesimama. Neno la kamba lilikuwa limebaki mdomoni mwake, nusu ndani, nusu nje. Neno moja tu. Angelimaliza, mji wangu ungekuwa wangu na kaburi la mume wangu lingekuwa langu.

Mwenyekiti akanigeukia.

"Mama Lugano. Wewe ni mzee wa kanisa, na sote tunakuheshimu. Siku hiyo, njiani pale, ulisimama na nani?"

"Sikumbuki" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Jepesi, kama kapi. Ningelipuliza tu.

Lakini kila Jumapili nawafundisha watoto amri, na ile ya kutomshuhudia jirani yako uongo ndiyo wanayoikosea sana. Nawarudisha mwanzo mpaka waiseme sawasawa. Nilimtazama Tusajigwe. Machozi yalikuwa yamemjaa. Hapo ndipo nilipokumbuka alivyoniambia asubuhi: nina neno la kukuambia. Nami nikamburuta.

Midomo yake ilicheza bila sauti. Sikujua ananiomba niseme au ananiomba nisiseme. Hadi leo sijui.

"Mama Lugano, tunakusubiri."

"Nilisimama na Tusajigwe," nilisema.

Kisha kelele zikalipuka. Mwenyekiti akapiga meza.

"Kimya! Kimya, jamani! Mama Tusajigwe, hayo tutakuja kuyazungumza. Maliza kwanza. Pale ilipolala kamba, mzee alisema nini?"

Alinitazama mara moja, muda mrefu. Akautoa mwavuli kwapani, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayeona kitu kwa mara ya kwanza. Akageuka. Watu wakampisha njia, hata Lameck alivuta miguu.

"Tusajigwe!" niliita. "Dada yangu, malizia!"

Alivuka kizingiti. Nje manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua yenyewe, ile ya Kyela isiyoonyesha hata mgomba wa jirani. Akaingia ndani yake, akaishika njia ya bombani, kichwa wazi, na mwavuli ameushika vilevile, umekunjwa.